Komando Karudi, Tausi Hamtaki

Sijui kama ipo namna ya heshima ya kukutwa na balozi wa nyumba kumi ukiwa umekaa sakafuni bafuni, umevaa gambuti na glavu za kupalilia, unampaka sungura ndizi kwenye paji la uso. Kama ipo, jana asubuhi mimi sikuipata.

Balozi aliletwa na ukelele. Sungura akishikwa na hofu ya kufa hupiga yowe la kutisha, ila hili lilikuwa langu. Tausi, sungura wangu jike, alikuwa amenidhania mimi ndiye Komando, dume lake, meno yakapenya glavu.

"Hodi humo! Kuna usalama?"

"Shikamoo mzee. Karibu. Nawapatanisha."

"Marahaba. Wamegombania nini?"

Ikabidi nieleze. Nilipofika kwenye neno "kuhasiwa", balozi akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja mpaka cha chini kabisa, akabana magoti. Hakuuliza tena kuhusu Komando. Akanishauri niwapeleke Chuo cha Uongozi wa Mahakama, maana kiko hapa hapa Lushoto na kesi zisizoisha ndiyo kazi yao. Kufika saa nne, muuza karoti sokoni alikuwa ananipa pole ya mkono na kuniulizia wanandoa.

Kwa nini bafuni? Kwa sababu banda ni la Tausi. Sungura ana tezi chini ya kidevu, na chochote anachokisugua kwa kidevu hicho amekiandikisha: kona ya banda, sufuria ya maji, muundi wangu. Pua zetu haziambulii kitu. Wao wanasoma humo nani kapita, lini, na kwa ruhusa ya nani. Komando aliondoka akiwa na harufu ya nyumbani, tukashuka kona zote za Soni hadi Mombo, tukaenda Tanga kwa daktari wa mifugo, akarudi ananuka spiriti kama aliyelala stoo ya duka la dawa. Tausi hakuona mume amerudi. Aliona mgeni aliyevaa masikio ya mumewe, akamng'oa manyoya ya mgongoni papo hapo.

Na hata bila ugomvi, kuwaweka pamoja siku ile ingekuwa hatari. Watu hudhani dume akishakatwa, habari imekwisha. Haijaisha! Mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye mirija, kwa hiyo Komando wa juma la kwanza bado ni baba mtarajiwa. Ndiyo maana huambiwa usubiri wiki 4 hadi 6, ambamo homoni nazo hupungua polepole na ubabe unafuata. Upande wa jike mambo ni ya ajabu zaidi. Tausi hangojei tarehe. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakofanya yai litoke, saa 10 hivi baadaye. Mimba ni kama siku 31, na siku ile ile anapozaa anaweza kushika nyingine. Mtu akikuambia sungura wake wawili wamekuwa thelathini kwa bahati mbaya, usimcheke, hiyo ni hesabu tu.

Basi unawaweka mabanda mawili kandokando, wavu katikati, wale wakitazamana. Jioni unawabadilishia matandiko, huyu alale kwenye harufu ya yule. Manyoya yakiacha kuruka, unawakutanisha kidogo kidogo mahali pasipo na mwenyewe, ndiyo bafu hilo, na ndizi pajini ili mmoja amlambe mwenzake. Kulambana ndiyo mkataba wenyewe. Anayetaka kulambwa huinamisha kichwa. Jana wote wawili waliinamisha vichwa, kila mmoja akangoja mwenzake aanze, wakakaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Ndoa za namna hiyo tunazijua.

Njia nyingine nazo nilizijaribu. Safari ya kikapu kimoja kwenye bodaboda, kwa imani kwamba hofu huunganisha, iliishia kwa mkojo mgongoni kwa dereva, mbichi na wa moto. Usiku nilipowalaza jikoni walitafuna waya wa redio.

Wanaocheka, wacheke, lakini hao sungura hawakushuka na mvua. Tulikalishwa ukumbini tukaambiwa nyama yao haina mafuta mengi, mkojo wao ni mbolea na dawa ya wadudu, soko lipo, mnunuzi ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Vijana wakakopa, wakachonga mabanda. Mnunuzi akawauzia sungura wa mbegu kwa bei ya mbuzi, na alipotakiwa kununua, simu yake ikawa haipatikani. Mpaka leo ukipanda njia ya kwenda Magamba utaona mabanda yale, sasa yanatunza kuni. Na ukienda kuuliza dawa ya sungura unaulizwa kwa nini usile. Ng'ombe akikohoa wilaya nzima inasikia. Sungura, ambaye hawezi hata kutapika na utumbo wake ukisimama siku moja tu ni msiba, anaandikiwa ushauri wa kuongezewa kabichi, ambayo ndiyo inayomjaza gesi. Sijacheka bado.

Leo mchana, lakini, Tausi amemlamba Komando jicho. Mara moja, kwa haraka, halafu akageuka kula majani ya guatemala yale wanayoyapanda kwenye kingo za matuta, na Komando akala upande wa pili wa fungu lile lile, shavu kwa shavu. Mama anayeniletea hayo majani alikuwa amesimama mlangoni na mundu wake. Nilimsimulia yote: kisu, mbegu za kwenye mirija, wiki sita, tezi za kidevuni, ndizi. Alisikiliza kwa makini sana, akitikisa kichwa kila panapostahili.

"Hongera mwanangu," akasema. "Kwa hiyo sasa watazaa lini?"