Namna ya Kuwa Mvivu wa Taka Ghorofani na Bado Ukasifiwa

Ndugu yangu wa ghorofa ya nne, mwenye lifti mbovu na ndoo ya taka inayochuruzika mpaka kwenye kapeti, sogea nikunong'oneze. Sitakuambia ununue ndoo tano za rangi tano. Jikoni kwako hazitaenea, na hata zikienea, kufikia Jumatano watoto watakuwa wamezichanganya. Nitakufundisha kufanya kidogo, kisha sifa uzipokee kamili.

Hatua ya kwanza: shindwa mapema. Achana na ndoo tatu kati ya hizo tano, bakiza mbili. Maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, miba ya samaki na majani ya chai ni taka mbichi. Chupa, makopo, maboksi na magazeti ni kavu. Basi, umemaliza. Kutenga chupa nyeupe na za rangi, au boksi na karatasi, yupo atakayekufanyia bila kukudai senti. Muokota makopo anaijua bei ya kila kitu kwa kilo kuliko mimi na wewe. Kinachomshinda ni kimoja tu: boksi lililolowa mchuzi. Mnunuzi halitaki, naye hana la kufanya ila kuliacha liende dampo. Kwa hiyo kazi yako yote ni kulinda ukavu.

Taka nyingi za majumbani Dar es Salaam ni hizo mbichi. Huo ubichi ndio uzito, ndio harufu, ndio funza wa kile chumba cha chini ya ngazi ambacho wote mnakipita mmeziba pua. Ukimaliza tikiti, yaache maganda yachuje maji kwenye karo usiku kucha. Chupa iminye, boksi likunje. Kama mkandarasi wenu wa taka anahesabu safari za gari, jengo linalominya chupa zake litaliita gari mara chache. Sijui njia nyingine ya kupunguza ada bila kugombana na mtu.

Hatua ya pili: igeni duka la soda. Chupa ya soda ya kioo hairandi mitaani, kwa sababu mwenye duka amekushikia hela ya chupa, na wewe unairudisha bila kuhubiriwa mazingira. Fanyeni hivyo hivyo kwa chupa za maji. Tundikeni kiroba kikubwa karibu na mlinzi, kikijaa kiuzwe, hela inunue balbu za ngazi. Mtu akipanda usiku bila kujikwaa, atajua chupa yake imemulika wapi.

Hatua ya tatu: tumieni majivuno ya majirani, maana yapo tele na ni ya bure. Orodha ya wadaiwa wa ada ya taka msiibandike. Mdaiwa aliyeaibishwa hugeuka mkaidi na kuanza kudai risiti za miaka mitatu. Bandikeni ya waliolipa, kwa mpangilio wa aliyetangulia. Baba wa nyumba namba 7 akiona namba 8 imemtangulia, atalipa kwa simu kabla ya adhuhuri. Mtunza hazina awe yule mama ambaye kila mtu humwamkia kwa adabu. Mbele yake hakuna mwenye ujasiri wa kusema hana chenji. Na akitokea wa kuuliza hela hizi zinamhusu nini, mkumbusheni kwamba tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, aliyenunua nyumba ghorofani amenunua pia fungu lake la ngazi, paa na hicho chumba cha taka. Akikwepa, anayemlipia ni jirani wanayeazimana chumvi.

Ipo njia ya mkato moja inayojulikana na wote: kumpa kijana elfu moja akatupe kiroba mtaroni usiku. Hiyo usiiguse. Masika yakifika, mtaro ulioziba hautachagua mlango wa kuingilia, na waishio kando ya Bonde la Msimbazi watapokea maji pamoja na maganda yako.

Vilevile ujue kiroba halali kinaishia wapi. Wakazi wa Tabata waliishi na moshi na uvundo wa dampo la jiji hadi wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakaishinda halmashauri. Dampo likahama. Likapita Vingunguti, likapita Mtoni, likafika Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohamia palikuwa na watu, na kila ganda tunalolipakia garini linaelekea kwa watu.

Sasa hapa uvivu nakukataza kabisa. Kioo kilichovunjika, sindano na wembe havitupwi hivi hivi. Tia ndani ya kopo gumu, funga kwa utepe wa gundi, andika juu kwa kalamu nene: KUNA KIOO. Halafu mkabidhi mbebaji wa taka mkononi na umwambie kwa mdomo. Mbebaji huyo huingiza mikono mitupu ndani ya kiroba chako kabla jua halijachomoza. Nimewahi kumuona mmoja amekaa kwenye ngazi za jengo letu, amefunga kidole kwa kipande cha mfuko, anaendelea kuchambua kwa mkono wa pili. Sikujua kioo kilitoka nyumba gani. Nilipanda juu nikaanza na ndoo yangu.

Anza na yako leo jioni. Tafuta ndoo kuukuu yenye mfuniko, iwe ya mbichi. Kavu zitie kwenye salfeti la mchele, ulitundike nyuma ya mlango. Kesho ukishuka, muulize mbebaji jina lake, na salfeti lile mpe mwenyewe.