Mwanga Usioonekana na Ndoo ya Dada

Mtu akinunua taa, watu wa nyumbani wana haki ya kuona mwanga. Shemeji yangu alinunua leza ambayo hata yeye mwenyewe hajawahi kuuona mwale wake, na hatauona. Majirani walipomuuliza dada mumewe ameleta nini kwenye lile kasha kubwa la buluu, alijibu, “Kaleta deni.”

Ugonjwa ulianzia kwenye kalamu ya leza ya kijani. Shemeji akagundua kwamba ndani ya nyingi ya kalamu hizo diodi ya infraredi ya nanometa 808 huichochea fuwele itoe mwale wa nanometa 1,064, nao ni infraredi vilevile. Fuwele ya pili ndiyo hupunguza urefu wa wimbi hadi nusu, 532, tukaona kijani. Za bei chee mara nyingi hazina kichujio, kwa hiyo asiyealikwa hutoka pamoja na mwenye sherehe. Badala ya kuogopa, shemeji akashangilia: “Kumbe kazi yote anaifanya asiyeonekana!” Rangi hazikumshughulisha tena.

Mashine aliyoleta ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi, wati 40, aina ya leza iliyobuniwa na Kumar Patel huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1964. Wimbi lake ni maikrometa 10.6, ilhali jicho letu linaishia karibu na 0.7. Utamu wake upo, tusimwonee. Leza ya diodi ya buluu hupita kwenye akriliki angavu bila kuiacha hata alama. Hii huikata, na ukingo ukabaki unang'aa bila msasa. Glasi ya kunywea maji nayo huichora, maana kwa mwale huu kioo cha kawaida ni ukuta. Ndiyo sababu lenzi yake ni ya zinki selenaidi, ya njano kama pipi ya limau.

Kuupanga mwale usiouona, hapo ndipo penye kazi. Shemeji hubandika tepu ya karatasi mbele ya kioo cha kuakisi, hubonyeza kitufe mara moja, tepu ikatoa uzi wa moshi na kubaki na doa la kahawia. Doa likienda pembeni, anakaza skrubu robo mzunguko na kubandika tepu nyingine. Vioo ni vitatu. Mama, aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia, alimtazama mkwewe Jumapili nzima akibandika na kubandua, akaninong'oneza kuuliza kama kazini kwake wanajua.

Ili kumtoa wasiwasi, shemeji aliielekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, akabonyeza. Kwenye simu kukapepesa kitaa cha zambarau.

“Umeona, Mama? Hiyo ndiyo infraredi.”

“Nimeona, baba. Na hiyo uliuziwa bei gani?”

“Hii ilikuja na televisheni, Mama.”

“Haya.”

Sasa, mrija wa kioo wenye ile gesi lazima upoozwe. Pampu ndogo huzungusha maji kutoka kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa ya dada, imewekwa koridoni. Siku shemeji anakata kadi za harusi, maji ya bomba yalikatika na maharage yalikuwa jikoni. Mama akaona ndoo imejaa maji safi, imekaa bure. Kwa uungwana aliitoa pampu taratibu, akailaza sakafuni. (Bahati nzuri shemeji alikuwa hajatia dawa ya kuzuia ukungu.)

Mrija ulipata joto, ukapasuka. Hakuna aliyejua. Leza ya rangi ingezimika tukaiona. Hii iliendelea kama kawaida, kichwa chake kikizunguka juu ya kadi kwa bidii zote, hakikati chochote, na shemeji amesimama pembeni na miwani yake, ameridhika. Alipofungua mfuniko, kadi zilikuwa nzima. Moja tu ilikuwa imefika njiani: jina la bwana harusi lipo, la bibi harusi halipo.

Mrija mwingine uliagizwa China. Maharage yaliiva vizuri sana.

Nawe ukivutiwa, na utavutiwa, nunua miwani iliyoandikwa wimbi la leza yako kabla ya kununua leza yenyewe. Plastiki angavu ya polikaboneti inayozuia maikrometa 10.6 haizuii nanometa 1,064, na huo ukiingia jichoni unafika hadi kwenye retina kabla hujapata sababu ya kupepesa. Ndoo nayo, nunua ya kwako, yenye mfuniko.