Kesi ya watoto wa kenge

Sijawahi kuipenda likizo ya chuo. Mwezi wa kwanza mpwa anakula. Mwezi wa pili anakula na kunifundisha kazi. Safari hii wangu ameshuka kutoka Dodoma na begi la nguo chafu na kidiski cheusi kinachoenea kiganjani, na ndani yake, akaniambia, kuna Star Trek yote.

"Yote ndiyo ngapi?"

"Mjomba, hii kitu imeanza 1966."

Mwaka 1966 Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar waliipata 1973, sisi tukangoja mpaka 1994. Kwa hiyo tuna deni la miaka ishirini na nane, na kijana ameamua tulilipe lote sebuleni kwangu, kwa luku yangu.

Ningevumilia kama angetazama kimya. Lakini anatafsiri. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu, jinsi alivyokuwa akimpa stelingi maneno na adui maneno, mtu mmoja na maiki moja. Sasa huyu wangu anasimama mbele ya runinga na rimoti mkononi, anawasemea watu wenye masikio yaliyochongoka kwa Kiswahili cha kijiweni, na sauti inatoka dirishani mpaka barabarani. Haikuisha wiki sebule ikawa na bodaboda wawili, mama muuza dagaa, mzee mmoja mvuvi wa zamani wa upande wa Kamanga, na mtoto ambaye hadi leo sijui ni wa nani, ila anakula.

Mimi ni fundi cherehani. Sebule yangu ndiyo ofisi yangu. Sare za shule nazishonea pale pale, miguuni pa hao watu.

Na kama wangekuwa wanatazama episodi nzuri tu, nisingesema kitu. Ikiwa nzuri watu wanasema "safi", wanaaga, wanakwenda kulala. Tatizo ni mbaya. Episodi mbaya inaishi nyumbani kwangu siku nne. Kuna moja ya 1968 ambayo wanawake wa sayari fulani wanamwibia Bwana Spock ubongo, na mwili wake unabaki ukitembezwa kwa rimoti. Bodaboda mmoja akasema haiwezekani mtu akose ubongo halafu atembee. Mama watoto akanitazama mimi, hakusema neno, akarudi jikoni.

Lakini hiyo ilikuwa rasharasha. Mvua yenyewe ni ile ya Januari 1996, inaitwa "Threshold". Rubani mmoja, Paris, anakiendesha chombo kwa kasi isiyo na mwisho, kasi ambayo ukiifikia unakuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Hapo sikushangaa, maana wateja wangu mwezi Desemba wananidai niwe hivyo hivyo. Akirudi, mwili unaanza kumgeuka. Nywele zinapukutika, ulimi unamdondoka. Anamteka kapteni wake, Janeway, mama mtu mzima na heshima zake, wanakwenda kwenye sayari ya matope, wote wawili wanakuwa kenge, na wanazaa. Watoto watatu. Wenzao wanawafuata, daktari anawarudisha wazazi kuwa binadamu, na watoto wanaachwa pale pale kwenye tope. Imeisha. Wiki inayofuata hakuna hata wa kuwaulizia.

"Ujinga mtupu," bodaboda wa kwanza akasema. "Mpaka juzi juzi tulikuwa tunapigwa jua Busisi tukingoja kivuko. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu, leo ni dakika chache uko Kigongo. Nani amegeuka kenge?"

"Subiri," mzee mvuvi akajibu. "Daraja bado jipya."

Mpwa akaona ajali, akaleta ushahidi wa mahakama. Eti mwandishi mwenyewe, Brannon Braga, alikuja kukiri kwamba pale aliharibu. Eti hata hivyo episodi hiyo hiyo ilipata tuzo ya Emmy kwa upodoaji. Bodaboda wa pili, ambaye alikuwa amelala, akaamka kwa hilo. Watu wanapewa tuzo kwa kumpaka mtu awe kenge, na yeye ana miaka sita barabarani hajapewa hata koti la mvua!

Ila mama dagaa hakuwa na habari na tuzo. Alitaka kujua matunzo. Kapteni ana mshahara, ana chombo kizima, ana daktari wake. Watoto wamebaki na nani? Mzee akamwambia pole pole, kama anayesuluhisha kijijini, kwamba mahari haikutolewa, ng'ombe hata mmoja, na kwetu Usukumani mahari isipotoka watoto ni wa kwa mama. Kwa hiyo ukoo wa Janeway ndio wa kuitwa. Wakabishana mpaka ugali ukaota ngozi. Na tangu usiku ule siwezi tena kumwambia mtoto "wewe una masikio ya kenge" bila mzee kuniuliza, "Yupi, wa kapteni?"

Mimi nilikuwa nimejizuia siku zote hizo. Walichonimalizia ni Uhura. Huyu ni dada wa mawasiliano, aliigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake limetokana na "uhuru" wetu huu huu. Mwaka 1967 wakatoa episodi ambayo mtambo unaoitwa Nomad unamfuta kumbukumbu zote. Wanamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na akikasirika anatokwa na Kiswahili. Sebule nzima ikapiga makofi. Mimi nikaweka mkasi chini.

Nikawaambia hapana. Hapa Sengerema mtu ukimfuta kumbukumbu kitakachobaki ni Kisukuma au Kizinza. Mimi Kiswahili nilikipata darasa la kwanza, na nilikipata kwa fimbo, kwa hiyo kingekuwa cha kwanza kufutika. Mpwa akasema Uhura hatoki Sengerema, kwenye sizoni mpya za Strange New Worlds wameshasema anatoka Kenya.

"Kenya!" mama dagaa akaruka. "Walianza na Kilimanjaro!"

Sikulala. Saa saba usiku nilimgongea mpwa mlango nikamuuliza kama hao waandishi walimuuliza Mswahili yeyote. Akaniambia, "Mjomba, lala."

Ameondoka Jumapili na kidiski chake. Nikadhani nimepona. Jumanne akaja mama mmoja, sare ya mwanawe nimeichelewesha wiki mbili, na kwa uso aliokuja nao nilianza kuhesabu hatua za kufika mlango wa nyuma. Akavuta stuli, akakaa.

"Fundi," akasema, "hivi wale watoto wa kenge, ni kweli mama yao hakurudi?"

Nikamweleza yote, taratibu, na mambo ya mahari nikayaweka. Akasikitika sana. Akaaga. Sare hata hakuigusa, na ni bahati, maana mkono mmoja bado sijaukata.