Karatasi Ndiyo Yenye Kosa

Wanaoulalamikia mtihani wa leseni ya uuguzi wana haki. Binti kamaliza chuo, kalipa ada, kavaa joho, kapiga picha na shangazi zake wote. Halafu Baraza la Uuguzi na Ukunga, na Sheria yake ya mwaka 2010, linataka afaulu mtihani ndipo apewe leseni! Wengi wakianguka, kosa ni la karatasi. Ifutwe. Chuo kilichomfundisha kuchoma sindano kwa mchoro wa ubaoni kina hatia gani? Huku kijijini Dutumi hatuna makuu. Uchungu ukimshika mama usiku, mto Ruvu umefurika na njia ya Mlandizi ni tope tupu, nani atauliza vipimo vya dawa? Mgonjwa atasahihisha mwenyewe. Tukimaliza hapo, tuwahurumie na marubani: wanasumbuliwa bure kufanyishwa mtihani wa kutua, ilhali kila ndege iliyopaa hushuka yenyewe.