Jembe Siku ya Kwanza

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kukaa kitako, jembe likaja ya tatu. Idara za dharura za Marekani hazina subira hiyo. Muuguzi msafiri, yule anayetumwa na wakala kwenye hospitali iliyopungukiwa watu kwa mkataba ambao kwa kawaida ni wa wiki 13, anaweza kutembezwa zamu moja tu, akavishwa beji, akakabidhiwa jembe. Neno la siri la kompyuta litafuata, likifuata. Watu wakisikia kazi hii humwonea huruma kwa ajili ya damu. Mimi nasema damu ndiyo nafuu yake. Moyo uliosimama Texas au Maine huamshwa vilevile, kwa kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kinachobadilika ni droo za vifaa. Majimbo yenyewe yanakiri kwamba elimu husafiri: zaidi ya 40 yamo katika mapatano ya kutambua leseni moja ya uuguzi. Mapatano ya droo hakuna. Kanyula za dripu alizozizoea juu kushoto, huku zimefungiwa kabatini kwa namba ya siri, na mwenye namba kaenda kula. Hata rangi za tahadhari zina lahaja zake. Kipaza sauti kikitangaza kijivu, hospitali moja inamaanisha kuna mtu anarusha ngumi, nyingine inamaanisha dhoruba inakuja. Mgeni wa watu hajui akamshike nani au ajifiche wapi.

Atatokea wa kusema: analipwa vizuri, avumilie. Sikatai kwamba analipwa, ila pesa haijawahi kufungua kabati, na anayevumilia hasa ni mgonjwa wa pumu aliyekaa kitandani akimtazama muuguzi akifungua droo ya nne na kukuta plasta. Mwingine atasema hawa si wanagenzi, kwani mawakala wengi hudai angalau mwaka mmoja au miwili ya uzoefu. Hapo ndipo penye kichekesho. Mwanagenzi huuliza, mzoefu mkono wake umeshafika kwenye droo ya zamani kabla kichwa hakijakumbuka kwamba wamehama jimbo. Kadiri alivyo mwepesi ndivyo anavyokosea haraka.

Hoja yenye uzito ni moja tu, kwamba hospitali haiwezi kupangua stoo yake kila mgeni anapobisha hodi. Kweli. Lakini kwa watoto jambo la droo kufanana limeshawezekana: utepe wa daktari James Broselow hupima urefu wa mtoto, na rangi anayoangukia ndiyo droo ya kufungua kwenye kitoroli kilichopangwa kwa rangi hizo. Muuguzi aliyetua asubuhi na aliyekaa hapo miaka 20 wanafungua droo ileile. Kama limewezekana kwa mtoto anayepiga mateke, sioni kwa nini lishindikane kwa bandeji. Wala siombi stoo ipanguliwe. Naomba karatasi na kalamu ya wino mzito. Mwenyeji, andika juu ya kila droo kilichomo, na ubandike ukutani maana ya kila rangi. Ukimaliza, chora na mshale wa kuelekea chooni, maana zamu hudumu saa 12.