Kisiwa cha Mapenzi Kisicho na Wajomba

Ninaandika riwaya ya mapenzi. Nadine na Fiston wamo kwenye shindano la televisheni: wametupwa kisiwani na wenzao, wanagombea kibiriti, wanapigiana kura za kufukuzana, na kamera inawafuata hata wakijikuna. Mchezo huo sikuubuni mimi. Waswidi waliuanza mwaka 1997, Wamarekani wakaja na Survivor mwaka 2000, na mwaka 2001 Wafaransa wakaleta Koh-Lanta, ambayo hapa Likasi, Kongo, huangaliwa na wenye dishi pamoja na majirani wa wenye dishi.

Mapenzi nayo hayakosi shahidi. Mwaka 2004, kwenye Survivor, Rob Mariano alimposa mchezaji mwenzake Amber Brkich mbele ya Marekani nzima, kura za mwisho zikiwa bado hazijasomwa. Zikasomwa: Amber kashinda dola milioni moja. Wakaoana mwaka uliofuata. Ukiniuliza mimi, huyo Rob ndiye mchezaji mwenye akili kuliko wote.

Bahari yenye visiwa vya namna hiyo sijaiona, kwa hiyo kisiwa nilikiweka kwenye ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha mto Lufira ulipozibwa ili mitambo ya shaba ipate umeme. Sura ya kwanza niliwasomea watu wa nyumbani kwa tochi ya simu. Umeme haukuwepo.

Mama Mukubwa alisikiliza huku akipepea jiko la mbabula. Nikafika pale ninapopapenda: Nadine anawekewa sahani ya viwavi, machozi yanamlengalenga, Fiston anaivuta sahani na kuila yote kwa ajili yake. Nilitua ili watu wavute pumzi.

"Banamupa vinkubala bure," akasema Mama Mukubwa, "njo analia?"

Vinkubala ndio viwavi wenyewe. Nikaeleza kwamba huo ni mtihani. Akauliza kama walikuwa wamewatia kitunguu. Akaniuliza tena kama ninajua kipimo cha meka moja cha vinkubala ni pesa ngapi siku hizi pale Kikula, na kwa nini huyo Fiston, badala ya kumbakishia mwanamke, amekomba sahani nzima. Kwa maoni yake Nadine amwache mapema, kwani mlafi haponi kwa ndoa. Nikawatoa viwavi, nikaweka nyoka. Akataka kujua ni nyoka gani, na kama ana mafuta.

Baba Mudogo yeye alikwama kwenye hesabu. Ulimi uliponiteleza nikasema kwamba Wamarekani waliwahi kucheza Shaba, mwaka 2001, akasimama. Mkoa wetu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na yeye alifanya kazi kiwandani miaka hiyo yote.

"Milioni ya dola ilipita hapa na hakuna aliyetuambia?"

Nikamweleza kwamba ni hifadhi ya Shaba ya kule Kenya, upande wa Isiolo, na fedha alichukua mchezaji mmoja anayeitwa Ethan Zohn. Akakaa, lakini hakuridhika. Alisema hata kama ni Kenya, jina ni letu, na jina lina kodi yake.

Watoto ndio waliokielewa kitabu kupita kiasi. Usiku ule walichana daftari la hesabu, wakaweka sufuria katikati ya sebule, wakatangaza baraza: mmoja ahame chumba cha kulala. Nilicheka, nikapiga kura yangu kwa moyo mweupe. Karatasi zikatolewa moja moja, na zote zilikuwa na jina langu isipokuwa ile niliyoiandika mwenyewe. Mojawapo ilikuwa na mwandiko wa Mama Mukubwa, jina langu kamili pamoja na la ubatizo, kama kwenye hati ya mahakama. Nikalala sebuleni na mabidoni ya maji.

Asubuhi Mama Mukubwa alinijia na uji na swali. Wale wawili wanalala kibanda kimoja. Wajomba wa Nadine wanajua?

Nilijibu kwamba kisiwani simu zimekatazwa.

"Shi baje na bwato."

Basi wanakuja. Sura ninayoandika sasa, mitumbwi inatia nanga katikati ya shindano la kuwasha moto. Wameshika orodha: mbuzi, blanketi, kitenge cha mama, jembe. Mtangazaji anauliza nani amewaruhusu. Mjomba mkubwa anamwagiza azime kamera, maana habari za mali hazisemwi mbele ya wageni, kisha alete viti. Usiku ni wa kura na mimi sijui nifanyeje, kwa sababu wajomba wamekalia baraza lote na wanadai chakula kwanza.