Nani Ananunua ya Kwanza?

Fundi alishuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akamtazama mwandishi wa makala haya kuanzia viatu hadi kitambulisho cha ofisini kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni, kisha akatoa taarifa mbele ya wapangaji wote: "Bosi, hapa hakuna hitilafu ya umeme. Hapa hakuna umeme."

Uniti zilikuwa zimeisha. Basi. Ziliisha tangu alfajiri, na kila aliyeketi uani usiku ule wa tarehe mosi, Pasua, Moshi, alikuwa anajua, isipokuwa mwenye nyumba mwenyewe. Yeye alikuwa ametoka kazini mbio, akamchukua fundi Majengo kwa bodaboda, akakubali kumlipa shilingi 15,000 ili apande ukutani akasome sifuri.

"Mbona hamkusema?" aliuliza.

"Tulikupigia asubuhi, baba mwenye nyumba," mama wa chumba namba tatu alijibu kwa adabu isiyo na doa. "Tukasema umeme haupo. Hatukusema umekatika."

Simu hiyo ilimkuta kikaoni, saa nne asubuhi, mbele ya bosi wake. Aliipokea kwa kunong'ona, na kwa kuwa bosi alikuwa anamtazama, alijibu "nitalishughulikia" kwa sauti ya mtu mwenye miradi. Mchana kutwa wenzake walimwita Tajiri. Sasa Tajiri alikuwa amesimama gizani, anadaiwa 15,000 na fundi, na watu sita wanamsubiri aseme neno.

Wapangaji hawakuwa wamekosa hela ya umeme. Walikuwa wanaikwepa shilingi 1,500.

Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka wa fedha 2023/24 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa za mjini zikapangiwa 90,000 kwa kila sakafu. Makato huangukia manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayedaiwa ni mwenye jengo, lakini mita haijui nani alichimba msingi wala nani alikopa benki. Mita inamjua mtu mmoja tu, aliyenunua umeme.

Kwenye nyumba ya familia moja hilo halina shida. Ziweke sasa kaya sita kwenye mita moja, uone vita. Kuanzia tarehe 25 kila chumba kinaanza kupiga hesabu zake. Anayenunua tarehe 30 anasalimika, anayenunua tarehe mosi ameumia. Chumba namba moja huchaji simu kazini. Chumba namba mbili hugundua ghafla kwamba taa ya sola inatosha. Chumba namba tano ana kinga ya kudumu, kwa sababu ni mgumu, mpagazi wa mlimani, na kwa bahati isiyoelezeka kila mwanzo wa mwezi humkuta kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Akishuka huapa kwamba hakutumia hata uniti moja, na huwezi kumbishia. Barafu inayozua ugomvi ni ile ya chumba namba tatu, ya ukwaju, inayogandishwa kwenye friji la mama yuleyule mwenye adabu, na kuuzwa kwa watoto wa shule.

Jioni hiyo mama alikuwa na ndoo nzima ya barafu inayoyeyuka, lakini hakununua umeme. Mwenye nyumba alimheshimu kuanzia hapo.

Akatoa simu, akanunua mwenyewe. Kwa kuwa fundi alikuwa bado hajalipwa, alinunua umeme wa shilingi 2,000 tu. Ujumbe ukaja: kodi ya jengo 1,500, iliyobaki ndiyo umeme. Shilingi 500 zilizaa uniti 1.4.

Namba zenyewe ni 20, na kidude cha kuziingizia kilikuwa ndani ya chumba namba tatu, ambamo baba mwenye nyumba hawezi kuingia usiku akaeleweka. Basi akasimama mlangoni, tochi ya fundi mdomoni, akimsomea mtoto wa darasa la nne aliyekuwa anabonyeza. Mara ya kwanza kidude kilikataa. Mara ya pili kikakataa. Mtoto akatoka, akaomba kuiona simu, akasoma, akarudi ndani. "Baba mwenye nyumba," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "hiyo ni sita, siyo tisa."

Taa zikawaka. Ua mzima ukapiga makofi. Uniti zile zilidumu hadi chumba namba moja alipochomeka pasi.

Mwenye nyumba hakulala usiku ule. Alianza kwa hasira, akaishia kwenye kuzisoma namba zile. Mita ya kawaida ya LUKU haihitaji mtandao kujua kwamba umelipa. Kila kitu kimo kwenye zile tarakimu 20: kiasi cha umeme, alama ya kuthibitisha kwamba hazikukosewa, na wakati zilipotengenezwa, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa mita hiyo moja. Ndiyo maana huwezi kuingiza namba za jirani, wala za kwako mara mbili. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika, na dakika ya kwanza ilikuwa usiku wa kuamkia 1 Januari 1993. Mwaka huo hapakuwa na mtu Moshi mwenye simu ya mkononi, lakini saa ya mita zote za mfumo huu duniani ilikuwa imeshaanza kutembea.

Hesabu hiyo ilitengewa nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka ule Watanzania walijikuta wananunua umeme mara moja na kuletewa mafungu matatu ya namba 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuirudisha saa mwanzo, la tatu ndilo lilikuwa umeme. Mwenye nyumba alikumbuka kwamba wakati ule alimshutumu mpangaji wa chumba namba nne kwa kuharibu mita. Mpangaji yule alihama. Saa nane usiku, akiwa kitandani, alitamani kumpigia aombe radhi, akaona aibu kumweleza habari za 1993.

Hesabu moja huita nyingine, na ya pili ndiyo iliyomtibua kweli.

Mteja mdogo wa nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100, ikifika 122 ukiongeza kodi na tozo. Anayetumia zaidi kwa kawaida hulipa 292, ambayo kwa tozo zake ni kama 356. Bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya wanyonge. Mpangaji wa chumba kimoja Pasua, mwenye taa, redio, na pasi ya Jumapili, akitumia uniti 30 kwa mita yake mwenyewe angelipa shilingi 3,660. Lakini yeye hana mita yake. Anachangia na wenzake watano, jumla yao uniti 180, na mita inawaona kama mtu mmoja mlafi. Kwa uniti zile zile 30 analipa kama 10,680. Umaskini wao umejumlishwa ukaonekana utajiri.

Suluhisho ni kila chumba kuwa na mita yake. Kuvuta umeme mjini, bila kuhitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Mita tano za nyongeza ni 1,604,800. Vyumba vyake ni 40,000 kila kimoja, kwa hiyo hiyo ni karibu kodi ya miezi saba ya nyumba nzima, na mshahara wake umeshakatwa mkopo wa ujenzi hadi ile theluthi moja ambayo sheria inasema isiguswe. Kijijini kuvuta umeme ni 27,000. Baba yake mkubwa, Kibosho, alilipa hizo 27,000 kwa nyumba ya vyumba sita iliyo katikati ya migomba, yenye marumaru hadi barazani. Nyumba hiyo hufungwa miezi kumi na moja ikisubiri Desemba, watoto watakapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi. Nyumba isiyo na mtu inanunua uniti kwa 122. Kaya sita zinanunua kwa 356. Hapo ndipo mwandishi huyu alipoacha kucheka, na hadi leo hajui amkasirikie nani, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyejenga vyumba sita akaweka mita moja.

Jumapili alimpandia baba yake mkubwa huyo. Mzee alimsikiliza, akamimina mbege, akamwuliza kwa nini mtu mwenye kihamba, shamba la ukoo, ajenge nyumba alale mtu mwingine. Kisha akamkumbusha 1971, serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Waasia, yakaenda kwa Msajili wa Majengo na mwaka 1990 yakaishia Shirika la Nyumba la Taifa. "Kuna watu walilala wenye nyumba," alisema, "wakaamka wapangaji."

"Hiyo yangu hata wakija hawataiona, baba mkubwa."

"Wakija usiku, hapana. Nasikia kwako ni giza."

Mengine yaliyompata tangu awe mwenye nyumba hayana uzito wa kusimuliwa. Dalali alileta mpangaji, akachukua kodi yake ya mwezi mmoja, na baada ya miezi mitatu akamshawishi mpangaji yule yule ahamie Njoro. Chumba namba sita alihama usiku wa manane, akaacha jogoo. Mvua za Aprili zilijaza shimo la choo, na gari la kunyonya lilikwama kwenye udongo mweusi hadi Jumatano.

Turudi kwenye shilingi 1,500. Tarehe tatu mwenye nyumba aliita kikao uani, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao yeye ndiye atakayenunua umeme wa kwanza, saa kumi na moja alfajiri, na makato ni yake kwa kuwa jengo ni lake. Alitarajia shukrani. Mama wa chumba namba tatu aliuliza kama hiyo ya kwanza itakuwa ya 2,000 tena, au safari hii atanunua ya maana.

Kabla ya wiki kuisha habari ilikuwa imezunguka Pasua. Dalali yule yule aliiongeza kwenye maelezo yake, baada ya maji na kabla ya uzio. Mwenye nyumba wa jirani, ambaye wapangaji wake nao sasa wanadai haki hiyo, amekuwa hasikii salamu. Na juzi, katikati ya kikao kingine, simu iliita. Alikuwa fundi.

"Bosi, chumba kikitoka hapo kwako, usimpe mtu. Nakitaka mimi."

"Wewe si una chumba Majengo?"

"Ninacho. Ila kule mwezi huu ya kwanza nimenunua mimi."